Kisu, sindano au kusubiri: kuchagua tiba ya uvimbe wa limfu usio wa saratani kwa mtu mzima nchini Uganda

Mtu mzima akiambiwa kwamba uvimbe alio nao shingoni, kwapani au tumboni umetokana na mishipa ya limfu (mirija inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu) na kwamba si saratani, hushusha pumzi, kisha hukabiliwa na swali ambalo hakulitarajia: aufanye nini? Njia zilizopo ni kuuacha na kuufuatilia, kuchomwa sindano ya dawa inayokausha vifuko vyake, kupasuliwa ili uondolewe na, kwa wachache, kumeza dawa iitwayo sirolimusi. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa mgonjwa aliye Uganda, na ni vizuri niseme mapema msimamo wangu. Kwa mtu mzima mwenye uvimbe wa vifuko vikubwa ambao mipaka yake inaonekana wazi kwenye picha, upasuaji unaouondoa wote kwa mara moja ndio unaostahili kufikiriwa kwanza. Lakini uvimbe uliojipenyeza kati ya neva na misuli haufai kukimbiliwa na kisu, hata kama mgonjwa mwenyewe anataka utoke upesi.

Uvimbe huu huanzia tumboni mwa mama. Wakati mimba inakua, baadhi ya mishipa ya limfu hushindwa kuungana na mfumo mkuu, majimaji hukosa njia ya kutokea, nayo hujikusanya katika vifuko. Takriban nusu ya wenye hali hii huonekana nayo wanapozaliwa, na karibu asilimia 90 huwa wamejulikana kabla ya kutimiza miaka miwili, ndiyo maana kuuona uvimbe huu kwa mara ya kwanza katika umri wa miaka 30 au 50 huhesabiwa kuwa jambo la nadra. Robo tatu hivi hukaa kichwani na shingoni, sehemu kubwa ya waliobaki kwapani, na wachache kifuani au tumboni. Kwa wengi, seli za uvimbe wenyewe huwa na badiliko katika jeni ya PIK3CA, badiliko lililotokea mwilini mwa mtu huyo tu, ambalo hakulirithi kwa wazazi wala hatawarithisha watoto wake. Ndugu wanaotafuta ni ukoo wa upande gani ulioleta tatizo wanaweza kupumzika. Mtu mzima mara nyingi huwa ameubeba miaka yote bila kujua, mpaka mafua makali, maambukizi ya koo, kipigo au damu iliyovuja ndani ya kifuko viufanye uvimbe utokeze ghafla.

Kwenye karatasi za hospitali hali hii huandikwa limfanjioma, haigroma au kasoro ya mishipa ya limfu, na mgonjwa asidhani amepewa magonjwa matatu. Jambo la kusaka kwenye ripoti ni ukubwa wa vifuko. Vikubwa ni vile vinavyozidi sentimita 1 au 2, kwa kutegemea kipimo anachokifuata daktari. Vidogo ni vya chini ya hapo, na hutapakaa ndani ya nyama kama maji ndani ya sifongo. Na kuna uvimbe wenye vya aina zote mbili. Tofauti hiyo huamua tiba kuliko jina lolote.

Uhakika kwanza

Hakuna maana ya kulinganisha tiba kabla ya kuthibitisha kinachotibiwa, na hapa mgonjwa wa Uganda ana sababu za ziada za kutokuwa na haraka. Mtu mzima anayeingia kliniki na uvimbe wa shingo nchini humu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kifua kikuu cha tezi, limfoma (saratani ya tezi za limfu), au Kaposi (saratani inayoanzia kwenye kuta za mishipa) iliyoingia kwenye tezi kwa mtu anayeishi na VVU, kuliko kuwa na uvimbe wa limfu wa kuzaliwa. Uganda ndiko Denis Burkitt, akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikoeleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ni nchi inayojua kwamba uvimbe wa taya na shingo si wa kupuuzwa. Zaidi ya hayo, kwa mtu aliyepita miaka 40, uvimbe wa shingo wenye maji ndani yake unapaswa kushukiwa kuwa tezi ya limfu iliyovamiwa na saratani ya koo au ya tezi ya thiroidi hadi vipimo vithibitishe vinginevyo, kwa kuwa saratani hizo huweza kuoza katikati zikaonekana kama kifuko kisicho na madhara.

Ultrasaundi ndiyo hatua ya kwanza, nayo hupatikana hata nje ya miji mikubwa. Huonyesha kama ndani mna maji au nyama, kuta za vifuko zina unene gani, na kama damu inapita. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha vizuri zaidi uvimbe umefika wapi na umeigusa mishipa gani, na pale isipopatikana au inapomshinda mgonjwa kwa gharama, CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, hufaa. Daktari huvuta pia majimaji kwa sindano nyembamba. Yakiwa ya manjano hafifu, yenye limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) nyingi na bila seli za saratani, ushahidi unaelekea kwenye limfu. Palipo na shaka, sampuli hupimwa kifua kikuu kwa GeneXpert. Kipimo cha VVU kinapaswa kuwa sehemu ya uchunguzi huu, si kwa sababu virusi husababisha uvimbe wa aina hii, bali kwa sababu jibu lake hubadilisha orodha ya magonjwa yanayoshukiwa na, kama itakavyoonekana, hubadilisha dawa zinazoweza kutumika.

Kuvuta maji peke yake si tiba. Uvimbe husinyaa siku hiyo, mgonjwa hufurahi, kisha hujaa tena, wakati mwingine ukiwa na damu au usaha. Kuchanjwa au kutobolewa na mganga wa kienyeji ni hatari zaidi, kwani vifuko hivyo ni mahali ambapo vijidudu hustawi kwa urahisi.

Kisu na sindano

Nguvu kubwa ya upasuaji ni kwamba unaweza kumaliza jambo. Uvimbe wa vifuko vikubwa ukitolewa wote pamoja na kuta zake, wagonjwa wengi hawauoni tena. Kwa watu wazima kuna jambo lingine linalousaidia: uvimbe wao mara nyingi huwa na mpaka ulio wazi kuliko wa watoto wachanga, hivyo mpasuaji huweza kuufuata ukingoni na kuutenganisha na nyama zilizo jirani. Na kuna faida ya tatu ambayo kwangu mimi ina uzito mkubwa hapa kwetu, nayo ni kwamba uvimbe wote huenda maabara. Mtaalamu wa patholojia huukata, huangalia kuta zake na, akihitaji, hutumia rangi maalumu inayotambua seli za mishipa ya limfu. Sindano ya dawa haitoi jibu hilo. Mahali ambapo kifua kikuu na limfoma ni vya kawaida na uvimbe wa limfu ni nadra, kutibu kitu bila kukiona chini ya darubini ni kuacha mlango wazi.

Upungufu wa upasuaji ni upande wa pili wa hoja hiyo hiyo: faida yake inategemea uvimbe kutoka wote. Ukibaki sehemu, nusu ya wagonjwa au hata zaidi hurudiwa, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza, na upasuaji wa pili hufanyika ndani ya makovu ambamo neva hazionekani vizuri. Kwa kuwa uvimbe si saratani, hakuna mpasuaji anayepaswa kukata neva muhimu ili tu asiache kipande nyuma. Hapo ndipo mgonjwa anapohitaji kujua ni neva ipi iliyo hatarini kwake. Chini ya taya hupita neva inayoshusha pembe ya mdomo, na ikijeruhiwa tabasamu hupinda. Upande wa shingo hupita neva inayoinua bega. Mkulima wa Kabale anayelima miteremko kwa jembe ataumia zaidi kwa kuipoteza kuliko karani wa ofisini. Karibu na koo zimo neva za sauti na za ulimi, ambazo mwalimu au mchuuzi wa soko la Owino hawezi kuzichukulia kwa wepesi. Kwapani na juu ya mtulinga, mfupa wa mbele unaounganisha kifua na bega, zimo neva zote za mkono. Upande wa kushoto, chini ya shingo, uko pia mfereji mkuu wa limfu, na ukikatwa majimaji meupe kama maziwa huendelea kutoka kwenye kidonda kwa siku nyingi.

Wapasuaji hutumia mfupa mdogo wa hayoidi, ulio juu kidogo ya zoloto, kama alama ya kukadiria ugumu. Uvimbe ulio chini ya mfupa huo na upande mmoja tu huwa na matatizo machache. Ulio juu yake huongeza hatari. Na ulioenea pande zote mbili, juu na chini, ndio mgumu kuliko yote. Mgonjwa anaweza kuuliza swali hili moja kwa maneno mepesi, yaani kama uvimbe wake uko juu au chini ya mfupa huo, na kutokana na jibu atajua mengi kuhusu uamuzi unaomkabili. Mambo mengine ya upasuaji ni ya kawaida: dawa ya usingizi, siku kadhaa wodini, mrija wa kutolea majimaji ambao haupaswi kuondolewa mapema kwa kuwa mahali palipokuwa na limfu hupenda kujaa tena, na kovu. Uvimbe ulioambukizwa hutulizwa kwanza kwa antibiotiki; kupasua nyama zilizovimba na kuwa nyekundu ni kujitafutia matatizo.

Sindano ya kukausha hufanya kazi kwa namna nyingine. Daktari, akiongozwa na ultrasaundi, huingiza sindano ndani ya kifuko, huvuta maji, kisha huweka dawa inayochubua ukuta wa ndani ili pande zake zigandamane na kifuko kizibe. Vifuko vikubwa huitikia vizuri, na kwa uvimbe wa namna hiyo matokeo yake hukaribia ya upasuaji bila kidonda kirefu na kwa hatari ndogo kwa neva. Vifuko vidogo huitikia kwa uchache, kwa sababu dawa haina nafasi ya kujaa. Baada ya sindano uvimbe huongezeka kwanza, unauma, pengine homa hupanda, na kupungua huonekana baada ya wiki kadhaa. Kwa uvimbe ulio karibu na njia ya hewa, ongezeko hilo la siku za mwanzo ni hatari ya kweli, na kazi hiyo haifai kufanyika mahali ambapo hakuna mtu wa kufungua njia ya hewa.

Dawa zenyewe hazilingani. OK-432, ambayo watafiti wa Japani waliripoti matokeo yake mwaka 1987, hutengenezwa kutokana na bakteria waliodhoofishwa, haifai kwa mwenye mzio wa penisilini, na kwa mgonjwa wa Uganda ni vigumu kuipata. Doksisaiklini hupatikana kirahisi na bei yake ni nafuu, ingawa huuma sana inapoingia. Alkoholi kali hukausha vizuri lakini inaweza kuua neva iliyo jirani, na shingoni ningependelea isitumike. Bleomisini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na Uganda imeizoea kwa miaka mingi katika kutibu Kaposi, kwa hiyo hapa ndiyo inayoonekana kuwa na uwezekano mkubwa. Huvimbisha kidogo kuliko nyingine. Tahadhari yake kubwa ni mapafu: katika tiba ya saratani, hatari ya mapafu kukakamaa hupanda hasa jumla ya dawa ikivuka yuniti 400, na ingawa kiasi kinachowekwa kwenye vifuko hukaa mbali chini ya hapo, mtu mwenye makovu ya kifua kikuu mapafuni, mvutaji sigara au mwenye figo dhaifu anapaswa kulisema hilo kabla. Aliyewahi kupewa bleomisini amjulishe pia mtaalamu wa dawa ya usingizi katika upasuaji wowote wa baadaye, kwa sababu oksijeni nyingi inaweza kuyadhuru mapafu yake. Bleomisini na doksisaiklini zote mbili hazifai kwa mjamzito.

Baadhi ya wapasuaji hulalamika kwamba sindano zilizoshindwa huwaachia nyama zilizoshikamana, na hivyo kuufanya upasuaji unaofuata kuwa mgumu zaidi. Si kila mmoja anakubaliana nao, lakini ni sababu nzuri ya kuwataka mpasuaji na mpiga sindano wazungumze kabla ya sindano ya kwanza, badala ya mgonjwa kutumwa kwa mmoja baada ya mwingine kukata tamaa.

Umbali na mfuko

Vitabu vya nchi tajiri huzipima njia hizi mbili kana kwamba mgonjwa anaishi ng'ambo ya barabara. Mtu wa Arua ana zaidi ya kilomita 450 hadi Kampala. Sindano mara nyingi huhitaji vikao kadhaa, kila kimoja baada ya wiki nne hadi sita au zaidi, na kila safari ina nauli ya basi, mahali pa kulala, ndugu wa kumsindikiza na siku za kazi zilizopotea. Upasuaji hudai safari moja ndefu na nyingine fupi za kuangaliwa kidonda. Kwa anayeishi Ntinda au Makindye, mitaa ya Kampala kwenyewe, hesabu hiyo hugeuka, na sindano huwa njia nyepesi inayomruhusu kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ada katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001 isipokuwa katika wodi za kulipia, lakini mgonjwa mara nyingi hujikuta akilipia picha au kununua vifaa nje. Kwa hiyo na aulize mapema gharama za MRI, za maabara ya patholojia na za dawa ya sindano, kila moja peke yake, kwani gharama ya kumwona daktari ndiyo ndogo. Mulago ina idara za koo, masikio na pua na za upasuaji wa kurekebisha maumbo. Mbarara na Lacor ya Gulu ni hospitali za kufundishia zinazopasua kila siku. CoRSU ya Kisubi inajulikana kwa upasuaji wa kurekebisha. Katika yoyote kati ya hizo, swali la maana ni kama daktari atakayemhudumia ameshautibu uvimbe wa aina hii kwa mtu mzima, na kwa njia gani. Mpasuaji mzuri aliyezoea shingo ni bora kuliko sindano ya mtu anayejaribu, na kinyume chake ni kweli vilevile.

Kusubiri, na vidonge

Kuuacha uvimbe si uzembe, mradi utambuzi umethibitishwa. Uvimbe mdogo usiouma, usiobana koo wala kuharibu sura, unaweza kufuatiliwa kwa ultrasaundi, na mtu akaishi nao. Anachopaswa kujua ni kwamba kwa mtu mzima ni nadra utoweke wenyewe, na kwamba unaweza kuvimba kila apatapo mafua. Akianza kushindwa kumeza, kukoroma kwa namna mpya, kupumua kwa shida akilala chali, au ukawa mwekundu wenye homa, kusubiri kumekwisha na anapaswa kufika hospitali siku hiyo.

Sirolimusi ilianza kama dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, na husaidia hapa kwa sababu huzuia njia ya ukuaji ambayo badiliko la PIK3CA huichochea. Nafasi yake ni kwa uvimbe wa vifuko vidogo ulioenea ulimini, usoni au kifuani, ambao kisu na sindano haviwezi kuumaliza. Huupunguza bila kuuondoa, na mara nyingi hukua tena dawa ikisimamishwa. Huleta vidonda vya mdomo, huongeza mafuta katika damu, hupunguza kinga, na huhitaji kiasi chake katika damu kupimwa mara kwa mara. Kwa Uganda kuna kikwazo kikubwa zaidi: rifampisini ya kifua kikuu hukishusha mno kiwango chake, ilhali ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU, hukipandisha hadi cha hatari. Mtu aliye kwenye dawa hizo asianzishiwe sirolimusi bila madaktari wake wote kukaa pamoja.

Tumboni na kwenye ngozi

Tumboni ulinganisho ni mfupi. Uvimbe ulio kwenye utando wa utumbo au nyuma ya tumbo unaweza kujisokota, kuvuja damu au kuziba utumbo, na sindano humo ina hatari ya kumwaga dawa kusikotakiwa, kwa hiyo upasuaji ndio hupewa nafasi ya kwanza, wakati mwingine pamoja na kipande cha utumbo kilichoshikamana nao. Mgonjwa aombe aelezwe uwezekano huo kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa.

Kwenye ngozi, hali hii huonekana kama malengelenge madogo yanayotoa maji, na yakikatwa kijuujuu hurudi, kwa kuwa chanzo chake kiko chini zaidi. Leza au sindano ya bleomisini huweza kuyapunguza. Mwanamke aliyewahi kupigwa mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi anaweza kupata malengelenge yanayofanana nayo sehemu za siri, miaka baada ya tiba, kutokana na mishipa ya limfu iliyozibwa na makovu. Huchukuliwa kwa urahisi kuwa masundosundo, na kipande kidogo kinapaswa kupimwa kabla ya tiba yoyote, pia ili kuhakikisha saratani haijarudi.

Njia yoyote ikichaguliwa, ultrasaundi ya kwanza ya ufuatiliaji hufaa kupangwa ndani ya miezi michache na nyingine kufikia mwisho wa mwaka, na hizi zinaweza kufanyika wilayani bila kurudi Kampala, ilimradi mgonjwa amebeba nakala ya picha za mwanzo ili mpimaji awe na cha kulinganishia. Aliyepasuliwa asiondoke bila kuuliza majibu ya patholojia yatatoka lini na nani atampigia simu. Yakisema kitu kingine tofauti na uvimbe wa limfu, mpango mzima wa tiba huanza upya.